Watu wa Leo: Kuwasoma Wahadzabe Wakati Mafuta Yanatafutwa Eyasi

Filamu ya Bill Benenson kuhusu Wahadzabe inaitwa The Hadza: Last of the First. Jina hilo kwa Kiswahili cha kawaida ni kama kusema "wa mwisho kati ya wale wa kwanza". Filamu yenyewe inatazamika. Kuna uwindaji, kuna kina mama wakichimba mizizi, kuna asali, na kuna wataalamu wanaoeleza kwa nini watu hawa wanastahili kulindwa. Nia ni njema kabisa. Lakini mimi nina ugomvi na jina.

Mtu akiitwa wa kwanza na wa mwisho kwa pumzi moja, amebakiwa na nini? Amepewa jana, amepewa na mwisho. Leo hajapewa. Na mtu asiye na leo ni vigumu kumuuliza swali la leo, kwa mfano hili: tukitaka kuchoronga kisima karibu na mibuyu yenu, mnasemaje?

Swali hilo si la kufikirika. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta na gesi katika Bonde la Eyasi-Wembere. Limepima kwa ndege, limechoronga visima vifupi vya kuchukua sampuli za miamba, limekusanya takwimu za mitetemo. Bonde hilo linagusa mikoa kadhaa: kuna Igunga ya Tabora, Iramba ya Singida, Karatu ya Arusha, na kuna Meatu, ambayo ni wilaya ya mkoa wetu wa Simiyu. Naandika nikiwa Somanda, hapa Bariadi mjini, kwa hiyo hili kwangu ni jambo la nyumbani. Wahadzabe, watu elfu moja na kidogo tu, wanaishi kulizunguka Ziwa Eyasi: Mangola, Bonde la Yaeda, na upande wa Meatu pia.

Sisemi mafuta yasitafutwe. Simiyu ni mkoa wa pamba na ng'ombe, na jiko la nyumba nyingi bado ni mafiga matatu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Aliyewahi kumwona mama mtu mzima akirudi jioni na mzigo wa kuni kichwani hawezi kulicheka lengo hilo. Ninachosema ni jambo dogo zaidi, na ni la wasomaji: kabla mtambo haujafika, maneno yalishafika. Na maneno ndiyo yanayoamua nani ataulizwa na nani atapewa taarifa tu.

Enzi nne na habari ya moto

Tuanze na wenyewe wanavyojisimulia. Mwaka 1994 Mtanzania Daniel Ndagala, akishirikiana na Zengu, alichapisha makala kuhusu namna Wahadzabe wanavyoiona historia yao. Kwa masimulizi hayo, zama zimegawanyika mara nne.

Enzi ya kwanza ni ya akakaanebe, wale wa mwanzo. Walikuwa majitu yenye manyoya mwilini. Hawakuwa na zana, hawakuwa na moto, nyama walikula mbichi, na usiku walilala chini ya miti bila nyumba. Enzi ya pili ni ya watu wa katikati. Nao walikuwa majitu, ila bila manyoya. Hawa walipata moto, wakapika. Lakini wanyama nao wakawa wajanja, wakaanza kumwogopa binadamu, ikabidi wawindwe kwa mbio na mbwa. Enzi ya tatu ni ya hamakwabe. Miili yao ilikuwa midogo kuliko ya waliotangulia, wakabuni upinde na mshale, wakajenga vibanda, wakakutana na wageni na kubadilishana nao vitu ili wapate chuma cha visu na vichwa vya mishale. Enzi ya nne ni ya hamaishonebe. Maana yake ni watu wa leo.

Kwa istilahi tulizofundishwa darasani, masimulizi haya yanaanza kama kisasili na kuishia kama tarihi. Ukifika enzi ya nne msimulizi anataja watu kwa majina, anataja mahali, na anaweza kukukadiria ni vizazi vingapi vimepita tangu jambo fulani litokee. Majitu yamekwisha, sasa ni babu ya fulani kule mahali fulani.

Mambo mawili yananivutia hapa. La kwanza, hii ni historia ya nishati. Kinachotenga enzi moja na nyingine ni moto, kupika, kisha chuma. Tunaambiwa hawa ni watu ambao muda umewapita, kumbe wameupima muda wao kwa kipimo kilekile tunachokitumia sisi tunaposema enzi ya makaa ya mawe au enzi ya umeme. La pili, kila faida katika masimulizi haya ina gharama yake. Hao wa kwanza hawakuwa duni, walikuwa majitu. Moto ulipokuja, wanyama wakaanza kukimbia. Zana zilipoongezeka, mwili ukapungua. Msimulizi halii wala hashangilii, anahesabu tu kilichoingia na kilichotoka. Nimesoma maelezo mengi ya miradi ya nishati, na si mara nyingi nimekuta hesabu iliyonyooka namna hiyo.

Kuna na hili. Enzi ya pili, iliyoleta upishi wa moto, ndiyo inayotajwa pia kuwa chanzo cha epeme, ibada kubwa ya Wahadzabe. Epeme huchezwa usiku usio na mbalamwezi. Mioto yote huzimwa. Wanaume hucheza mmoja mmoja gizani, kengele zikilia mguuni, na wanawake huimba. Yaani watu walewale waliopata moto ndio walioamua kwamba kuna jambo haliwezi kufanyika mpaka moto uzimwe. Sasa jiulize, kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, giza litaandikwa kwenye safu gani? Vumbi lina safu. Kelele zina safu. Mwanga wa kambi ya wachimbaji unaoonekana kilomita nyingi usiku, je? Huwezi kuujua kama athari usipokuwa umewasikiliza watu hao kwanza, na usikilizaji wenyewe ukaanza kwenye masimulizi yao kabla ya kufika kwenye mahitaji yao.

Mjerumani na mafuta ya nyangumi

Mkusanyaji mkubwa wa kwanza wa ngano za Wahadzabe alikuwa Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen. Alikuja Eyasi miaka ya 1930, akachimbua mapango, akaokota mabaki ya binadamu wa kale, na pembeni ya kazi hiyo akarekodi ngano nyingi. Vitabu vilitoka Ujerumani miaka ishirini baadaye. Mwaka 1956 vilitoka viwili, Das Zauberhorn na Das Elefantenspiel, na mwaka 1958 kikafuata Wildbeuter in Ostafrika. Vyote viliwaita watu hawa Watindiga, jina la kubandikwa na wengine.

Kabla ya Eyasi, Kohl-Larsen alikuwa mtu wa ncha ya kusini ya dunia. Mwaka 1911 aliondoka na msafara wa Filchner kuelekea Antaktika, akaugua, akaachwa kisiwa cha South Georgia. Baadaye alimwoa Margit, binti wa Carl Anton Larsen, Mnorwe aliyeanzisha kituo cha Grytviken mwaka 1904. Pale nyangumi walivutwa ufukweni, wakachunwa na kuchemshwa mpaka watoe mafuta. Mafuta ya nyangumi yalikuwa yamewasha taa za Ulaya kwa muda mrefu, na kufikia karne ya 20 yakageuzwa sabuni na majarini. Mpaka biashara hiyo inakufa kisiwani miaka ya 1960, nyangumi zaidi ya 170,000 walikuwa wamepitia vituo vya South Georgia. Kohl-Larsen alirudi huko mwaka 1928 na mkewe kukichunguza kisiwa. Halafu akaja kwetu.

Simleti kwa ajili ya kumsimanga marehemu. Namleta kwa sababu maisha yake yanaweka pamoja sehemu mbili ambazo hazikupaswa kufananishwa. South Georgia haikuwa na wenyeji. Hakuna kijiji kilichohamishwa ili Grytviken ijengwe, na aliyekuwepo wa kulalamika alikuwa nyangumi peke yake. Eyasi ina watu. Lakini ukifungua maandishi ya wageni wengi juu ya Eyasi, kuanzia ya miaka ya 1930 hadi filamu ya Benenson, mandhari inapigwa picha kana kwamba ni South Georgia yenye joto: anga kubwa, mawe, ukimya, na vivuli vichache vya binadamu vilivyosahauliwa na wakati. Msomaji akizoea picha hiyo, kazi ya anayetaka eneo inakuwa nyepesi. Mahali hapa pana zamani tu, na zamani haihudhurii mkutano wa kijiji.

Hata hivyo nawapa wale wazee wa ngano haki yao. Ndani ya ngano walizomsimulia Kohl-Larsen mna ucheshi, ugomvi wa ndoa, ujanja wa wanyama, majitu yanayochezewa shere. Ngano zina uhai mwingi kuliko mkusanyaji alivyodhani anakusanya. Shida ni kwamba uhai huo uko kwenye Kijerumani. Katika maduka ya vitabu ninayopita, Mwanza mpaka Dar es Salaam, sijauona kwa Kiswahili.

Neno pori na neno maendelezo

Tuje kwenye lugha yetu wenyewe, maana si haki kuwasema Wajerumani na Wamarekani tukajiacha.

Neno la kwanza ni pori. Tunalitumia kama vile pori ni mahali pasipo na mtu. Sheria nayo ina ndugu wa neno hilo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika kwa macho ya nani? Bonde ambalo Mhadzabe anafika msimu wa ubuyu, akaondoka, akarudi msimu wa asali, linatumika kweli. Ila halina tuta, halina uzio, halina bati. Anayepita na gari la mradi mwezi ambao watu wamehamia upande mwingine ataandika "pori", na atakuwa ameandika alichokiona.

Neno la pili ni maendelezo. Fidia katika nchi yetu inahesabu vitu vilivyowekwa juu ya ardhi: nyumba, mazao, miti iliyopandwa. Mbuyu haukupandwa na mtu. Mzizi unaochimbwa na kina mama haukupandwa. Yule ndege anayeita na kumwongoza mtu mpaka kwenye mzinga wa nyuki hakufugwa. Mthamini mwaminifu kabisa, asiye na rushwa hata chembe, anaweza kuzunguka siku nzima na kurudi na karatasi nyeupe. Sheria haimchukii Mhadzabe. Inamkosa tu, kama darubini iliyoelekezwa pembeni.

Neno la tatu ni la gazetini: "watakiwa". Wananchi watakiwa kutoa ushirikiano, wananchi watakiwa kuupokea mradi, wananchi watakiwa kutunza miundombinu. Kisarufi mwananchi ndiye kiima cha sentensi, lakini hajafanya lolote. Anayetaka kajificha. Hebu chukua habari tano za miradi ya nishati ukatafute ile ambayo mwananchi anauliza, anakataa, au anaweka sharti. Fasihi ingeshindwa mtihani kwa mhusika wa namna hiyo. Tungesema ni mhusika bapa.

Na ukweli ni kwamba Wahadzabe hawajawahi kuwa bapa. Miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini waishi kijijini na walime. Magonjwa yakawapiga, wengi wakarudi walikotoka. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka Bonde la Yaeda. Wakapinga, na walikuwepo wa kuwaunga mkono, kampuni ikajitoa. Mwaka 2011 jamii ya Yaeda ilipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, ardhi ya kundi zima badala ya mtu mmoja mmoja. Baadaye wakaingia kwenye mpango wa kuuza hewa ukaa kwa kutunza misitu yao. Watu wanaosoma ramani, wanaosaini mikataba na wanaolinda mipaka, utawaitaje wa mwisho wa wale wa kwanza? Hao ni hamaishonebe. Ndivyo wanavyojiita, na ushahidi uko upande wao.

Wasami, na sisi Wasukuma

Watetezi wa nishati wanaweza kunijibu kwamba tatizo ni mafuta tu, tukienda kwenye upepo na jua mgogoro utaisha. Fosen, katika Norway, inasema hapana. Mitambo ya upepo ilijengwa kwenye malisho ya baridi ya kulungu wanaofugwa na Wasami. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway ikaamua kwamba vibali vilikuwa batili, kwa kuwa vilivunja haki ya Wasami ya kuuishi utamaduni wao. Lakini mitambo ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Siku 500 baada ya hukumu bado inazunguka, mpaka vijana wa Kisami wakaenda kuikalia Wizara ya Petroli na Nishati pale Oslo. Mwishowe makubaliano yalifikiwa kati ya Desemba 2023 na Machi 2024, na mitambo ikabaki. Walishinda kesi, malisho hayakurudi.

Somo ninalolichukua hapo ni la wakati. Haki iliyokuja baada ya zege haina pa kusimama. Eyasi bado tuko kwenye utafiti, pengine mafuta hayapo kabisa. Hiki ndicho kipindi cha kuuliza, kwa kuwa jibu la "hapana", au la "ndiyo, lakini si hapa na si mwezi huu", bado lina bei nafuu kwa kila upande. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, lenye sharti la ridhaa huru inayotolewa mapema. Kwamba serikali yetu husema Watanzania wote ni wa asili, sawa. Basi na waulizwe wote, tuanze na walio karibu na mtambo.

Na kuna jambo wasomaji wa kanda hii tunaliruka. Ardhi ya Wahadzabe haikuanza kupungua TPDC ilipofika. Imepunguzwa na mashamba, na mifugo, na sisi. Wasukuma tumesogea kuelekea Eyasi na ng'ombe zetu kwa miaka mingi, na wafugaji wengine vilevile. Ng'ombe akinywa kisimani kilichokuwa cha swala, mwindaji amekosa nyama bila mtu kusaini karatasi yoyote. Hadithi yenye mhalifu mmoja, kampuni kubwa ya mafuta, na malaika mmoja, mwindaji mwenye upinde, ni hadithi tamu, ila inatuondoa sisi majirani jukwaani. Mwandishi wa Simiyu atakayeandika riwaya ya Eyasi bila ng'ombe wa babu yake ndani yake, mimi nitaisoma kwa mashaka.

Kitabu cha kuanzia

Basi tusome nini? Kitabu kilichonisogeza karibu zaidi ni Hadzabe: By the Light of a Million Fires, cha Daudi Peterson akishirikiana na Richard Baalow na Jon Cox, kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Baalow ni Mhadzabe, na jina lake liko kwenye jalada. Hilo peke yake linakitenga kitabu hiki na vile vya Kohl-Larsen. Picha ni nyingi na nzuri, lakini masimulizi hayako pale kupamba picha. Hata jina la kitabu linanipendeza kuliko la filamu: mioto milioni ni mioto mingi ya watu wengi kwa vizazi vingi, na hakuna palipoandikwa kwamba wa mwisho umezimika.

Lawama yangu kwake ni lugha. Kiko kwa Kiingereza. Diwani wa Meatu, mwenyekiti wa kijiji, mthamini, kijana wa kampuni ya mitetemo anayepita na nyaya zake, na hata Mhadzabe aliyemaliza darasa la saba, wote wanaongea Kiswahili wakikutana. Mkutano wa hadhara juu ya kisima utakuwa wa Kiswahili. Kitabu kinachoweza kumfundisha kila mmoja wao kwamba bonde lile lina historia ya enzi nne kimewapita juu ya vichwa. Toleo la Kiswahili la kitabu hiki, lenye picha chache na bei ya daftari kubwa, lingefanya kazi ambayo filamu ya Benenson haiwezi kuifanya. Mkuki na Nyota wana uwezo, na walimu wa fasihi simulizi wa Simiyu, Singida na Manyara wangekipokea. Mwanafunzi wa Bariadi anayekariri aina za visasili anaweza kusoma kisasili cha watu wa mkoa wake, kisha akauliza kwa nini watu hao hawamo kwenye habari za mradi.

Kwa sasa, kila ninaposoma maandishi kuhusu Eyasi, yawe riwaya, filamu, ripoti au taarifa kwa vyombo vya habari, natumia kipimo kimoja. Natafuta Mhadzabe anayesema jambo kuhusu mwaka ujao. Wamefundishwa kuzungumzia mababu, na sisi tumefundishwa kuwasikiliza wakizungumzia mababu. Kwenye filamu ya Benenson nilimtafuta kwa shida. Kwenye kitabu cha Peterson na Baalow nilimpata. Kwenye taarifa za mradi bado natafuta.